Mgeni Aambiwe Ukweli wa Kusi

Naandika makala haya nikiwa Mitunguu, Imenti Kusini, mahali ambapo harufu ya chumvi haifiki. Hapa ni nchi ya ndizi. Malori hupakia mikungu kuelekea Nairobi na Mombasa, nami ni mmoja wa wanaozifuata hadi shambani ili zifike Kongowea zingali mbichi. Mashamba mengi hunyweshwa kwa maji ya mto Thingithu, kupitia mradi wa umwagiliaji ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani. Sikutarajia kwamba hapa, katikati ya migomba, ndipo ningeulizwa swali la bahari likanitoa jasho.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu. Kwake mimi ni "mtu wa Mombasa", ingawa nilizaliwa Kipini. Huku bara sote wa Pwani ni watu wa Mombasa, na nilishaacha kubishana. Binti yake ni muuguzi nchini Kanada. Huko alijifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, yeye na mumewe, na sasa kila likizo yao lazima iwe na bahari. Jioni moja mzee alinipa simu akasema, "Zungumza na binti yako. Ana swali, na mimi bahari nimeiona mara mbili tu maishani."

Swali lilikuwa fupi. "Anko, tuna wiki mbili mwezi wa saba. Mume wangu ni mwalimu, likizo yake ndiyo hiyo. Twende Bonaire kule Karibi, au tuje Kenya? Lakini niambie ukweli, kwa sababu mara ya kwanza nilidanganywa."

Nilimuuliza alidanganywaje. Akanieleza kwamba mwaka mmoja alikuja nyumbani mwezi wa Juni, akapiga simu kituo kimoja cha uzamiaji pwani yetu, akauliza hali ya bahari. Aliambiwa, "Karibu sana, bahari yetu ni nzuri mwaka mzima." Alilipia siku mbili. Siku ya kwanza mashua haikutoka kwa sababu ya mawimbi. Siku ya pili ilitoka, watu wakatapika njia nzima, na chini ya maji aliona mkono wake na kidogo mbele yake. Kurudishiwa pesa ikawa hadithi nyingine. Tangu hapo, rafiki zake wa Kanada wakimuuliza kuhusu kuzamia Kenya, huwaambia waende kuona simba.

Ndugu msomaji, hapo ndipo jasho lilinitoka. Mtu mwenye kosa sikumjua, lakini maneno yale niliyajua. "Nzuri mwaka mzima." Sote tumewahi kuyasema.

Kila bahari ina kalenda yake

Hebu tuanze na wenzetu wa Karibi, maana ndio tunaoshindana nao kwa mgeni wa aina hii. Msimu wao wa vimbunga unajulikana kwa tarehe: kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Hakuna anayeuficha. Umo katika taarifa za hali ya hewa, katika bima za safari, na katika bei za hoteli, ambazo hupanda kati ya Desemba na Aprili na kushuka miezi ya hatari. Mgeni anayekwenda Jamaika mwezi wa Septemba kwa nusu bei anajua kwa nini amepewa nusu bei.

Wala si hofu ya bure. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipiga kisiwa cha Carriacou katika nchi ya Grenada na kuacha nyumba chache sana zenye mapaa. Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliingia Jamaika kikiwa cha daraja la tano, daraja la juu kabisa. Mtu aliyeweka nafasi ya kuzamia kwa kutazama picha tu, bila kutazama mwezi, angejikuta katika makao ya dharura.

Lakini hata ndani ya Karibi visiwa havifanani. Bonaire, aliyoitaja binti yule, iko kusini kabisa, karibu na pwani ya Venezuela, pamoja na Aruba na Curaçao. Vimbunga kwa kawaida hupita kaskazini yao. Kwa hiyo mtu mwenye likizo ya Julai au Agosti akiitaka Karibi, huko ndiko anakoelekezwa. Tena Bonaire ililinda bahari yake mapema: hifadhi yake ya majini ilianzishwa mwaka 1979, nanga zimepigwa marufuku kwenye matumbawe, mashua hufungwa kwenye maboya, na kila mgeni hulipa ada ya mazingira. Sehemu za kuzamia kutoka ufuoni zimewekewa mawe yaliyopakwa rangi ya manjano kando ya barabara. Mgeni anaegesha gari, anavaa mtungi, anaingia mwenyewe.

Sasa turudi kwetu. Sisi vimbunga karibu hatuna, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini tuna pepo mbili, na watoto wa Pwani huzijua kabla ya kujua kusoma. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na siku njema mzamiaji huona mita 20 na zaidi. Kusi huanza mwezi wa Aprili pamoja na masika, hushika nguvu Juni na Julai, na hulegea kuelekea Septemba. Ndipo huja matlai, kisha duara linaanza upya. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Hakuna nahodha aliyedai kwamba bahari ni nzuri mwaka mzima. Katikati ya kusi walivuta vyombo pwani wakavipaka sifa na shahamu, wakangoja.

Tunayo pia kalenda ya mwezi, ambayo Karibi hawaihitaji sana. Kule maji hupanda na kushuka kwa chini ya mita moja. Kwetu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Mkondo kwenye mlango huwa mkali, na maji yanayotoka ndani ya ghuba hubeba tope. Siku za maji mafu mkondo hupungua. Kwa hiyo anayetaka kuzamia kwetu asichague mwezi wa Februari peke yake. Achague pia juma ndani ya Februari. Mvuvi yeyote wa Shimoni au Watamu anaweza kumwambia juma hilo bila kufungua simu.

Tope linatoka wapi

Kuna jambo la tatu, nalo nimelielewa vizuri zaidi tangu nianze kuja Mitunguu. Msimu wa mvua nimesimama kwenye daraja hapa nikatazama mto ukishuka mwekundu kama chai ya rangi. Thingithu na Mutonga huingia Tana, na Tana hupita Garissa, Hola na Garsen, halafu hujimwaga baharini Kipini. Nilipokuwa mtoto tuliogelea katika maji ya udongo tukidhani ndiyo rangi ya bahari. Kumbe tulikuwa tukiogelea katika mashamba ya Meru.

Mto Sabaki una hadithi hiyo hiyo, na kwa uzamiaji una uzito zaidi. Huanzia milima ya karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hupita Ukambani na Tsavo, na huingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Wakati wa kusi mkondo husukuma tope lake kuelekea kaskazini, mbali na Malindi. Wakati wa kaskazi husukumwa kusini, moja kwa moja kwenye ghuba ya Malindi na hifadhi yake. Maana yake ni kwamba mvua za vuli zikiwa kubwa bara, kama zilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2023 wakati wa El Niño, Malindi inaweza kuwa na maji ya kahawia mwezi wa Novemba na Desemba huku Watamu, mwendo mfupi tu kusini, na hasa Kisite mbele ya Shimoni, maji yakiwa safi zaidi.

Kwa hiyo hata kauli ya kwamba kaskazi ni msimu mzuri ni ukweli nusu. Mgeni wa Desemba anayelipa bei ya juu ya mwaka mzima anaweza kukosa kile kile alichokuja kukiona, wakati yule wa Februari, aliyelipa kidogo, akakipata chote. Hifadhi za Malindi na Watamu ni za mwaka 1968, miaka 11 kabla ya ile ya Bonaire. Tulitangulia kulinda. Tumechelewa kueleza.

Na hapa uadilifu unatutaka tuseme jambo moja zaidi. Miezi ya Machi na Aprili, bahari inapotulia kabisa, ndiyo miezi ambayo maji yetu hupata joto kuliko yote. Mwaka 1998 joto hilo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la matumbawe kupauka duniani kote, na orodha yao ilitaja Karibi na ilitaja Kenya na Tanzania. Hakuna bahari iliyosalimika ya kumkimbilia mgeni. Anayedhani picha ya kijitabu cha miaka 20 iliyopita ndiyo atakayoikuta chini ya maji, iwe Cozumel au Kisite, atavunjika moyo. Samaki bado wapo, kasa bado wapo, matumbawe yanajitahidi. Aje akijua hivyo.

Kwa nini tunaficha

Swali langu kubwa si la upepo. Ni hili: kwa nini watu wenye ujuzi huu wote wa pepo na mwezi humwambia mgeni kwamba bahari ni nzuri mwaka mzima?

Jibu ni njaa, na sitaki kulipamba. Kusi ni miezi mirefu. Baadhi ya hoteli hufunga Mei, vituo kadhaa vya uzamiaji hupunguza kazi au hufunga kabisa hadi bahari ilegee, na nahodha mwenye watoto shuleni hana mshahara. Mgeni mmoja akipiga simu mwezi wa Juni, ni karo hiyo. Nani atamwambia asije? Nimekaa na vijana wa mashua wa Wasini na Watamu, hawapendi kudanganya. Wanaogopa kwamba wakisema ukweli, jirani atasema uongo na kumchukua mgeni.

Lakini tupige hesabu kama wafanyabiashara. Binti wa Mitunguu alilipia siku mbili za Juni. Siku hizo mbili zilitugharimu likizo zake zote zilizofuata, pamoja na za marafiki zake wa Kanada. Mfanyabiashara wa ndizi anayefunika ndizi mbovu kwa nzuri juu ya mkungu huuza mara moja. Wanunuzi wa Kongowea wana kumbukumbu ndefu, na wanaozamia wana kumbukumbu ndefu kuliko wao, kwa sababu wanaandika daftari la kila mbizi: tarehe, kina, hali ya maji. Uongo wetu umeandikwa kwenye daftari hilo.

Wenzetu wa Karibi wametuzidi hapo tu. Matumbawe yetu hayana sababu ya kuwaonea haya. Wao wamekubali kwamba msimu mbaya upo, wakaupa tarehe, wakaupangia bei, wakautafutia kazi. Sisi tumeukana, kwa hiyo hatujaupangia lolote.

Kusi ina chake

Tukiukubali msimu wa kusi, tutaona kwamba si mtupu. Kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita mbele ya pwani yetu wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa. Watamu tayari watu hutoka kwenda kuwatazama kutoka mashuani. Mgeni wa Agosti aambiwe waziwazi: matumbawe huenda usiyaone vizuri, mawimbi yapo, lakini nyangumi yuko. Huo ni mkataba wa haki. Ghuba ya Mida imekingwa na upepo. Magofu ya Gede hayajali kusi wala kaskazi. Lamu mwezi wa saba ina hewa baridi ambayo mtu wa Januari hawezi kuipata. Na kuelekea mwisho wa Septemba, kusi inapolegea, wazamiaji wanaweza kuanza kurudi kabla ya umati na bei ya Desemba.

Kwa upande wa wenye mashua, nina pendekezo lisilohitaji bajeti kubwa. Kila BMU na kila chama cha wenye mashua, kuanzia Vanga hadi Kiunga, wakae na wazee wavuvi siku moja, waandike miezi 12 kwenye ukurasa mmoja: upepo, mawimbi, hali ya maji, kinachoonekana, kisichoonekana. Karatasi ile ibandikwe ofisini na itumwe kwa kila anayepiga simu. Kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu ziichapishe kwa jina la kaunti, ili jirani mwongo asipate nafasi. Kwa miaka michache ijayo karatasi hiyo itaje pia kwamba Ramadhani inaangukia katikati ya kaskazi, Februari na kurudi nyuma kuelekea Januari, ili mgeni ajue kwamba manahodha wengi wamefunga, safari ni za asubuhi, na jioni akialikwa futari asikatae.

Na mgeni wa bara aelezwe jambo ambalo wengi hawalijui. Aliyezamia kwa mtungi hapaswi kupanda ndege mara moja. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa. Kupanda mlima kwa gari kuna hatari ya namna hiyo hiyo, kwa sababu hewa iliyoyeyuka mwilini hutoka haraka mno mtu akienda juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mtu wa Meru anayezamia asubuhi na kupanda basi la jioni anajihatarisha. Siku ya mwisho iwe ya kupumzika, ya kula biriani na kutembea Mji wa Kale. Usalama wake ni huo, na usiku mmoja zaidi kitandani ni riziki ya mwenyeji.

Nilichomjibu

Nilimwambia binti yule ukweli. Nilimwambia Julai usije kuzamia kwetu. Kama likizo haiwezi kusogea, nenda Bonaire, bahari yake mwezi huo ni salama kuliko sehemu nyingi za Karibi. Lakini siku mumeo akipata ruhusa ya Februari, nipigie, nitakutafutia juma la maji mafu, Kisite kwanza halafu Watamu.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Anko, wewe ndiye wa kwanza kutoka Pwani kuniambia nisije."

Wameshalipia Bonaire. Sina habari njema ya kufunika hilo. Pesa zile zimeenda kwingine na ni mimi nimezielekeza huko. Mzee alinitazama kama mtu aliyemwona muuza maziwa akimwaga ndoo. Lakini baada ya chai aliniuliza swali lake mwenyewe. Chama chao cha wakulima, watu 20 na kidogo, walikuwa wamepanga kuja Pwani mwezi wa sita, baada ya malipo ya ndizi. Wengi wao hawajawahi kuvaa miwani ya majini. Je, huo mwezi ni mzuri?

Nikamwambia si mzuri. Nikamchorea miezi 12 nyuma ya risiti ya ndizi, kaskazi upande huu, kusi upande ule. Mweka hazina wao anabisha, anasema Juni nauli ni nafuu. Mkutano wao ni Jumapili, nao wamesema watanipigia. Nauli ni nafuu kweli, sitabisha. Nitawaambia tu kwa nini ni nafuu, halafu wachague wenyewe.